Kiti cha Heshima cha Mizanini

Nchi ni nyingi kuliko ramani zilizochorwa, na msafiri mwenye miguu mizuri aweza kujikuta katika nchi ambayo hakuitafuta. Ndivyo Makame wa Shaali alivyoingia Mizanini. Njia aliyopita haituhusu, maana vumbi ni vumbi popote. Linalotuhusu ni kwamba alifika asubuhi akiwa na kifurushi cha nguo na chupa yake ya shaba ya kubebea kahawa, nene, yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, na kwamba juu ya lango palikuwa pamechongwa maneno haya: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Makame aliyasoma akafurahi. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kukutana na watu wanaoitekeleza neno kwa neno.

Mlinzi wa lango alimpima uzito kabla ya kumsalimu. Huko kila kitu hupimwa: mtoto akizaliwa, mkate ukitoka jikoni, hata barua ya mapenzi kabla haijafunguliwa. Sheria yao ni moja tu, nayo imeandikwa katika kila mlango: Kilichoingia ndicho kitakachotoka. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuilaumu sheria hiyo. Ni ya kweli kabisa, na ndiyo maana iliwasumbua sana.

Wenyeji wa Mizanini ni wa koo mbili. Bondeni wanakaa Wasiki, watu wa mashamba ya matunda, ambao kila tunda likizidi hulitia mapipani likawa siki. Wana maneno makali na vicheko vikali zaidi, na hugombana na kupatana kabla chai haijapoa. Mlimani wanakaa Wachaki, ambao hujenga nyumba, huchonga vinu na hata mito ya kulalia kutokana na jiwe jeupe la chokaa. Hawa ni wapole na wazito wa kusema. Ukimwuliza mmoja wao habari za asubuhi, jibu lake subiri jioni. Kila ukoo huucheka mwenzake mwaka mzima, na msimu wa harusi ukifika huoana kana kwamba halijasemwa neno.

Siku aliyofika Makame ilikuwa ya harusi. Mboni, binti wa Wachaki, alikuwa anaolewa na Shibe, kijana wa Wasiki. Kabla Makame hajatua mzigo wake, watu wanne walikuwa wameshamshika mikono.

"Karibu, mgeni wetu! Umekula?"

"Bado, lakini..."

"Lakini ya nini? Pilau ipo. Na kiti chako kipo, kiti cha heshima, mbele kabisa!"

Akalishwa mpaka mkanda ukalalamika. Kisha akaketishwa juu ya mto wa hariri, hatua moja tu kutoka kwenye bakuli kubwa la udongo lililowekwa katikati ya uwanja. Aligeuka akaona wenyeji wote wamekaa mbali, wamebanana kwenye kuta kana kwamba uwanja una siafu. Alidhani ni adabu. Akajiweka sawa juu ya mto, akawapungia watu mkono, nao wakampungia kwa furaha kubwa.

Desturi ya ndoa za huko ni hii. Watu wa bwana harusi huja na jagi la siki kali. Watu wa bibi harusi huja na kipande cha jiwe kilichovunjwa katika ukuta wa nyumba yao. Vyote viwili, pamoja na bakuli, hupimwa kwenye Mizani Kuu, ambayo huhisi hata unyoya. Kisha jiwe huwekwa bakulini na siki humiminwa juu yake. Hapo ndipo mambo huanza. Jiwe linachemka bila moto! Mapovu yanatoka pande zote, yanapanda, yanagombania ukingo, na bakuli zima linaunguruma kama sufuria ya mafuta iliyotiwa mahamri. Ngoma zinapigwa, akina mama wanapiga vigelegele, na wachumba wanashikana mikono mpaka povu litulie. Jiwe huwa limekwisha. Kinachobaki ni maji, na maji hayo yakikaushwa juani huacha chumvi nyeupe ambayo bwana na bibi huiramba kwa ncha ya kidole. Si chumvi ya kutia mchuzini, ina uchungu kidogo, na wazee husema ndoa isiyo na uchungu kidogo bado haijaanza.

Makame alipoliona povu lile alisahau uzee wake. Alisimama, akapiga makofi, akacheka hadi machozi. Vijitone vya siki vilimrukia puani naye akazidi kucheka. Alikuwa hajaona kitu kizuri namna ile tangu alipozaliwa.

Povu likatulia. Bakuli likarudishwa mizanini. Mpimaji akatamka kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya: "Pungufu!"

"Pungufu," watu wakaitikia, bila mshangao hata kidogo.

Kutoka nyuma akajitokeza Bwana Lawama, Mshitaki Mkuu, mtu mwembamba mwenye kidole kirefu cha shahada, akamwekea Makame mkono begani. "Uzito umeibwa," akasema. "Nani alikuwa karibu na bakuli?"

"Mgeni!" uwanja mzima ukajibu kwa sauti moja.

Ndipo Makame alipoelewa kiti cha heshima. Kila harusi ya Mizanini hupunguza uzito. Sheria inasema kilichoingia ndicho kitakachotoka, kwa hiyo kisichotoka kimeibwa, na mwizi hawezi kuwa mbali na kitu anachokiiba. Zamani walimshitaki shangazi wa bibi harusi, maana ndiye aliyekaa mbele. Mashangazi walipozidi kufungwa, watu wote wakaanza kukaa nyuma, na kiti kikabaki kitupu, jambo ambalo ni aibu harusini. Basi wakakitandika hariri na kuwaachia wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba yenye pilau Makame hakuwahi kuisikia.

Akapelekwa gerezani. Jina la gereza hilo ni Nyumba ya Wageni, na ndani yake kulikuwa na watu kutoka kila nchi, wote walioalikwa harusini kwa heshima. Mkubwa wao alikuwa Bi Kidawa, mama mnene mchangamfu aliyekuwa amekaa humo muda mrefu kiasi cha kulima bustani ya bamia uani.

"Unakaa humu mpaka uzito uliopotea upatikane," alimweleza Makame huku akimpakulia bamia.

"Na umewahi kupatikana?"

"Tangu lini? Kula, baba. Kesho bamia tena."

Makame alikuwa na mke nyumbani, Mwanakheri, aliyemwahidi kwamba atarudi kabla kunde hazijavunwa. Alijua kwamba mwanamke yule asipomwona atamngoja, na akimngoja atanyamaza, na hilo la kunyamaza lilimuuma kuliko kifungo. Siku zile alikula bamia tu.

Sasa sikiliza habari za Mboni. Kwa sheria ya Mizanini, bibi na bwana hawaingii nyumbani kwao mpaka mwizi wa uzito wao ahukumiwe. Wachumba wengine wote hungoja tu, maana hukumu huwa haichukui muda. Mgeni hana shangazi wa kumtetea. Mboni aliwahi kuziona harusi za dada zake zikimalizika hivyo naye hakusema kitu. Lakini safari hii alikuwa amemwona Makame akicheka mbele ya povu lake, akilia kwa furaha kwa ajili ya ndoa ya watu asiowajua. Akamwambia Shibe, "Yule mzee ndiye mtu pekee aliyeifurahia harusi yetu kwa karibu. Sitaki nyumba yangu ianze kwa chozi lake."

"Mimi ni Msiki, mke wangu," Shibe akasema. "Ukitaka ugomvi, nimezaliwa nao. Twende."

Baraza la hukumu lilijaa. Hakimu alikuwa Mzee Sawia, Mchaki wa mlimani, mwenye kilemba kikubwa na sauti ya polepole. Kwanza zikasikilizwa hoja za wataalamu, kama ilivyo desturi. Mtaalamu wa Wasiki alisema kwamba mawe ya Wachaki yana mashimo ndani, na kwamba watu hao wamekuwa wakiozesha mashimo miaka yote. Mtaalamu wa Wachaki alijibu kwamba siki ina tabia ya kula, na mwenye kula ndiye aulizwe. Mtaalamu wa tatu, asiyetaka kumuudhi mtu, alithibitisha kwa hotuba ndefu kwamba Mizani Kuu imechoka na inastahili likizo. Wote walipigiwa makofi sawasawa.

Kisha Makame akapandishwa mizanini mwenyewe, akaamriwa arukeruke ili uzito ulioibwa udondoke. Akaruka. Hakikudondoka kitu ila kishikizo kimoja cha shati. Bwana Lawama akafungua daftari la vipimo kisha akainua kidole juu.

"Alipopita langoni alikuwa mwepesi! Baada ya harusi tulimpima tena, akawa amezidi! Amezidi nini?"

"Pilau," Makame akasema.

"Pilau ya nani?"

"Yenu, bwana. Mlinishikilia nile."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, ingawa mdomo wake nao ulikuwa unamcheza. Hapo Mboni akasimama.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Sema."

"Tunasema mwizi huja wakati wa povu. Mbona hatujawahi kufunga mlango? Tufungie siki na jiwe ndani ya chombo kisichopitisha hata pumzi. Mgeni akae kule mlangoni, mikono kichwani. Uzito ukipungua hata hapo, basi si yeye."

Baraza likanung'unika. Harusi ndani ya chombo kilichofungwa? Nani ataliona povu? Lakini Mzee Sawia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewafunga wageni huku moyo wake ukimsuta, aliuliza tu kama chombo cha namna hiyo kipo. Makame akajibu kutoka mizanini kwamba chupa yake ya kahawa haijawahi kumwaga tone.

Ikaletwa, naye Makame akapelekwa mlangoni. Bwana Lawama alishikilia kwamba kufunga vifuniko ni kazi ya serikali, akajaza siki, akatumbukiza bonge zima la jiwe, akaweka kifuniko, akakizungusha nusu tu kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuhutubia. Hakuhutubia. Chupa ilitoa mlio kama wa mzinga, kifuniko kikaruka, kikachukua kilemba cha hakimu, vikaenda vyote viwili kugonga dari na kurudi. Povu lilimwosha Bwana Lawama kuanzia paji la uso mpaka viatu. Kisha kikasikika kicheko kizito, cha polepole, na watu walipotazama wakaona ni Mzee Sawia mwenyewe, kichwa wazi, anajishika mbavu. Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Wasiki walilala chini kwa kucheka. Wachaki walianza baadaye kidogo, lakini wao ndio waliochelewa kumaliza.

"Tumeingiza ukoo mzima katika chumba cha mtu mmoja," Mboni alisema alipopata sauti. "Tupunguze wageni."

Safari hii alifanya mwenyewe. Alimimina siki kidogo ndani ya chupa. Akachukua kipande cha jiwe kisichozidi kokwa ya tende, akakiweka katika kikombe kidogo cha kahawa, akakishusha kikombe polepole kwa uzi mpaka kikakaa ndani bila jiwe kugusana na siki. Kisha akakaza kifuniko mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. Chupa ikawekwa mizanini, na mpimaji akaweka mawe ya kupimia upande wa pili mpaka mshale ukasimama wima. Mboni akaiinamisha chupa ili siki ilifikie jiwe, akairudisha mahali pake.

Ndani ya shaba ikasikika sauti ndogo ya kuunguruma. Watu wote waliinama mbele. Makame, mikono kichwani kule mlangoni, alikuwa anamwomba Mungu kwa lugha zote alizozijua. Sauti ikafifia, ikanyamaza. Mshale ulikuwa wima. Mpimaji akautazama kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto, akafungua mdomo, na neno alilolizoea likakataa kutoka.

"Sawa," akanong'ona. "Sawasawa!"

Kwa mara ya kwanza Mizanini, kilichoingia kilikuwa kimetoka chote. Vigelegele vikapanda. Lakini Bwana Lawama, akiwa bado anachuruzika siki, akainua kidole. "Hii inaonyesha tu kwamba kifuniko kinazuia wizi! Mgeni ameshindwa kuiba. Akiweza ataiba!"

"Basi kifungueni," Mboni akasema, "naye yuko kule kule."

Akakilegeza kifuniko palepale mizanini, akauondoa mkono wake. Fsss! Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Na mbele ya macho ya watu wote, pasipo mkono wa mtu kukaribia, upande wa chupa ukaanza kuinuka, kidogo kidogo, mpaka mshale ukalala upande mwingine. Uzito ulikuwa unaondoka wenyewe. Hapakuwa na mtu karibu, hapakuwa na alama, hata kivuli hakikuonekana.

Mzee Sawia alishuka kitini. Alichukua taa ya mezani, akaisogeza kwenye mdomo wa chupa ili achungulie ndani amwone mwizi. Taa ikazimika kimya kimya. Akaiwasha tena, akaisogeza tena, ikazimika tena.

"Bado yumo," akasema. Uso wake ukabadilika, akawa kama mtu anayeitwa na sauti ya zamani. "Leteni maji ya chokaa."

Yalikuwapo uani, maana mafundi walikuwa wanapaka chokaa kuta za baraza. Chokaa ilikuwa imetuama chini ya ndoo na maji ya juu yalikuwa maangavu. Hakimu alijaza bilauri mwenyewe, mikono ya joho imekunjwa.

"Sisi watu wa mlimani," akasema, "huchoma jiwe ili tupate chokaa. Jiwe likitoka tanurini huwa jepesi kuliko lilivyoingia, na kwa kuwa tanuri halina shangazi wala mgeni, hatukuwahi kumshitaki mtu. Bibi yangu alikuwa akiniambia kwamba kuna kitu ndani ya jiwe ambacho moto unakifukuza, na kwamba maji ya chokaa yanakililia. Nilidhani ni hadithi za kunilaza."

Akaishika ile chupa kwa uangalifu asiimwage siki iliyobaki, akaiinamisha juu ya bilauri kama anayemimina kahawa. Hakikuonekana kitu kinachotoka. Vijana wawili wakacheka chinichini. Hakimu akafunika bilauri kwa kiganja, akaitikisa, akaiinua juu ili wote waone. Maji yaliyokuwa maangavu yamekuwa meupe kama maziwa.

"Hilo ni jiwe!" Mchaki mmoja akapiga kelele. "Hilo ni jiwe letu limerudi!"

"Limerudi," Mzee Sawia akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Hakuna aliyeiba. Siki na jiwe wakikutana, wanaacha chumvi, wanaacha maji, na wanazaa mtoto mmoja asiyependa kukaa ndani. Sisi tulikuwa tunampigia vigelegele akizaliwa, kisha tunamfunga jirani kwa sababu mtoto ameondoka."

Makame alishusha mikono kichwani. Hakuna aliyemkataza.

Bwana Lawama alipinga kwa mara ya mwisho. Alisema kesi iliyofunguliwa lazima ifungwe juu ya mtu fulani, la sivyo serikali itaonekana haina kazi. Hakimu aliona hoja hiyo ni ya haki. Akavaa kilemba chake kilicholowa, akatoa hukumu kwa mujibu wa sheria: kwamba mkosaji ni Hewa, mtoto wa siki na jiwe, aliyeondoka harusini bila kuaga, kwamba amehukumiwa bila kuwepo, maana asiyekuwepo na lake halipo, na kwamba adhabu yake ni kuzurura nchi nzima, juu na chini, asifungiwe mahali popote isipokuwa kwa idhini ya bibi harusi. Bwana Lawama akaridhika.

Nyumba ya Wageni ikafunguliwa siku hiyo hiyo. Wafungwa walitoka wakiimba, ila Bi Kidawa alisimama kwenye kizingiti, mikono kiunoni. "Nitoke niende wapi, na bamia zangu ndiyo kwanza zinazaa?" Wakamwachia nyumba na bustani, mlango wazi, naye akabaki kama mtu mwingine yeyote mwenye nyumba.

Harusi ikarudiwa alasiri, kwa kuwa Mboni alitaka watu waione vizuri. Makame alikwenda kukitafuta kiti chake cha heshima, akakikuta kimekaliwa na Bwana Lawama, pua yake imekaribia kuingia bakulini. Pembeni yake walikuwa mashangazi, wamesukumana mpaka mto wa hariri umechanika. Wasiki na Wachaki walikuwa wamechanganyika, kila mmoja anataka kuwa karibu. Makame alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, juu ya ncha za vidole. Povu lilipopanda na mngurumo ule ukajaa uwanja, watu wote walivuta pumzi kwa pamoja wakiinua nyuso juu, wakimsindikiza mtoto anayekwenda zake. Makame alicheka tena kama siku ya kwanza. Mpimaji aliposema "Pungufu," uwanja ulilipuka kwa vigelegele.

Asubuhi yake Mboni na Shibe walimjazia chupa kahawa, wakamfungia chumvi kidogo ya harusi ampelekee Mwanakheri. Langoni, mlinzi akampandisha mizanini kama sheria inavyotaka. Akautazama mshale, akakunja uso.

"Bwana, umepungua."

Makame alikaza kifurushi chake kwapani na kuipima njia kwa macho. Akaanza kueleza habari za bamia.

Mlinzi akamtazama, akatazama mshale tena, kisha akaanza kutabasamu polepole, maana alikuwa Mchaki.

"Haya," akasema, akifungua lango. "Kilichopungua kitakuwa kimeondoka chenyewe. Wasalimie nyumbani."